Kwa kinga juu ya vilima: ya kujua kabla ya kwenda Kambove na Bunkeya



Kila kiangazi kinapofika, watu wanapita dispanseri na swali moja: "Munganga, tunataka kutoka Likasi na makinga, tupande mpaka Kambove, tuzunguke kwa njia za vijiji, turudi. Mwili utaweza?" Wengine wana safari ndefu zaidi. Wanataka kufika Bunkeya kusalimia wazee wakati wa konje. Swali ni zuri, na wanaouliza kabla ya kwenda wana akili kuliko wale wanaoletwa kwetu wakiwa juu ya mlango uliogeuzwa machela.

Huku kwetu Katanga baiskeli tunaiita kinga. Katika vitabu vya shule, kinga ni kitu kinachozuia ugonjwa. Maneno haya mawili yanapatana vizuri. Mtu anayeendesha kinga nusu saa karibu kila siku anasaidia moyo wake, anapunguza tansio, na sukari inatulia ndani ya damu. Lakini kinga hiyohiyo, kwenye mtelemko, bila freni, inavunja bega. Tuzungumze juu ya pande zote mbili.

NJIA NA HISTORIA YAKE

Kutoka Likasi mpaka Kambove ni kama kilomita 25. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu Kambove iko juu kuliko Likasi, na njia haipandi mara moja tu: inapanda, inashuka, inapanda tena. Miguu haihesabu kilomita, inahesabu vilima.

Ukipita, tazama vilima vyenyewe. Viko vingine vimejaa miti, na katikati yake unaona kilima kimoja kipara, chenye majani mafupi na maua madogo tu. Si moto wala shoka lililoondoa miti hiyo. Udongo wake una shaba nyingi, na shaba ni sumu kwa mizizi ya miti mingi. Wazee walijua alama hiyo. Walipoona kilima kisicho na miti, walichimba. Walitoa mawe ya kijani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakawasha makala, wakavuta hewa kwa viriba, na shaba ikayeyuka. Waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: mtu alilipa nayo mahari na kununua vitu. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Jules Cornet, Mbelgiji mwenye elimu ya mawe, alipopita katika nchi hii mwaka 1892, mashimo ya wazee alikuta yamechimbwa zamani. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 na Kambove mwaka 1913. Kwa hiyo, wewe unayeshuka leo ndani ya mgodi, usifikiri kazi yako ilianza na reli.

Bunkeya ni mbali zaidi, upande wa kaskazini: zaidi ya kilomita 60 kutoka Likasi hata ukipima mstari ulionyooka, na barabara haijanyooka. Huo ulikuwa mji mkuu wa Msiri, aliyeitwa pia Ngelengwa. Watu wake, Wayeke, walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakifuata shaba. Kutoka Bunkeya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa ilikwenda mpaka bahari zote mbili, ile ya mashariki na ile ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Bodson, kapiteni wa msafara wa Stairs, na Bodson mwenyewe alipigwa risasi palepale, akafa. Ukifika Bunkeya, usianze kwa kuuliza maji. Uliza kwanza nyumba ya mkubwa wa kijiji, umsalimie, useme umetoka wapi na ni mtoto wa nani. Hiyo pia ni usalama: mgeni aliyejulikana, akiumwa usiku, anapata watu wa kumbeba.

Kwa mtu asiyezoea, Bunkeya si safari ya siku moja. Gawanya siku tatu, na chukua chandarua. Mbu wa kijijini hajui kwamba wewe uko konje.

KUPANDA

Tufanye hesabu kidogo. Wewe una kilo 65. Kinga yetu ya chuma ina kilo 20. Mzigo wako ni kilo 15. Jumla ni kilo 100. Kuinua kilo 100 mpaka juu ya kilima cha mita 100 kunataka nguvu ya kilojuli 98. Lakini mwili wa binadamu ni kama injini nyingine: karibu robo moja tu ya chakula unachokichoma inageuka kazi ya miguu. Robo tatu zinageuka joto. Ndiyo sababu unatoka jasho hata katika baridi ya mwezi wa sita. Na ukiongeza gunia la kilo 40 nyuma, usiseme "ni kilo 40 tu". Moyo wako unazilipa katika kila mita unayopanda.

Utajuaje kama umezidisha? Zungumza na mwenzako. Ukiweza kusema maneno kumi bila kukata pumzi, endelea. Ukishindwa, punguza. Anayetaka hesabu na ashike mshipa wa mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4. Mtu wa miaka 40 asipite 140 hivi katika safari ndefu. Hiyo ni 35 katika sekunde 15. Ukipita, shuka utembee. Makinga yetu mengi hayana vitesi vya kubadilisha, kwa hiyo kusukuma kinga mlimani si haya. Anayekaza pedali mpaka goti linalia, kesho goti hilo litavimba, na kesho ni siku ya kazi.

Kiti nacho kina maana kubwa. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Halafu endesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na goti litabaki limekunjwa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Naona vijana wengi wanashusha kiti ili waguse chini na miguu yote miwili. Wanaendesha kama vyura, halafu wanakuja kutuomba dawa ya magoti.

Aliyepita miaka 45 na hajafanya mazoezi muda mrefu, na yeyote mwenye tansio au kisukari, apite dispanseri kwanza apimwe. Dawa ya tansio haiachwi nyumbani kwa sababu ya safari. Maumivu ya kifua yanayobana wakati wa kupanda na kuondoka ukipumzika si upepo wala si bukari ya jana. Ni moyo unaolalamika. Rudi, usimalize kilima.

Hapa nataka kusema na wale waliofanya kazi miaka mingi kwenye kutoboa mawe. Kilima ni kipimo cha ukweli. Ukiona wenzako wa umri mmoja wanapanda wakicheka na wewe unahema kama mvuto wa tanuru, usiseme "nimezeeka". Vumbi la mawe, lile laini lisiloonekana kwa macho, linaingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Makovu hayo hayaponi. Tena mapafu yenye vumbi yanashikwa upesi na kifua kikuu. Njoo upigwe picha ya mapafu na kupimwa makohozi, na useme miaka mingapi umetoboa, kavu au kwa maji. Mke wake, wewe unayesikia jinsi anavyokohoa usiku, mlete hata kama hataki. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, lakini kisipotibiwa kinaweza kumshika kila mtu anayelala katika nyumba hiyo. Katika mambo yote ya ukurasa huu, hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili.

KUSHUKA

Watu wanaogopa kupanda na kufurahia kushuka. Kwetu sisi wa dispanseri ni kinyume. Aliyechoka kwa kupanda anakaa chini ya mti na kupumzika. Aliyeshindwa kushuka, tunamshona.

Zile kilojuli 98 ulizopandisha juu ya kilima hazikupotea. Unaposhuka polepole, karibu zote zinapita ndani ya freni na kugeuka joto. Joto hilo linatosha kuchemsha glasi ya maji ya robo lita. Ndiyo maana raba za freni zinanuka na chuma cha gurudumu kinachoma kidole. Usibane freni moja kwa kuendelea kutoka juu mpaka chini. Bana, achia, bana, achia, na tumia zote mbili. Anza kubana kabla mwendo haujakua, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, mahali pa kusimama panahitaji urefu mara nne. Tena, kugonga kitu kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita moja na nusu. Kwa kilomita 40 ni kuanguka kutoka mita 6, yaani kutoka juu ya mapaa ya nyumba zetu nyingi. Nani angeruka kutoka huko kwa kupenda?

Freni ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele. Lakini ukiikamata ghafula, inakurusha juu ya usukani. Kwenye changarawe tumia ya nyuma zaidi, na ile ya mbele kidogokidogo. Gurudumu likiwa na maji, freni inachelewa kushika: bana mapema ili kulikausha. Wenye kinga ya kusimamisha kwa kurudisha pedali nyuma wajue jambo moja: mnyororo ukitoka, freni imetoka pamoja nao. Uangalie kabla ya kuondoka: ukiusukuma katikati kwa kidole, ucheze kama sentimita moja hivi, usining'inie.

Na wale wasio na freni hata moja, wanaokanyaga mpira kwa kandambili? Hao siwaambii washuke polepole. Nawaambia wasiende.

Kipimo cha freni ni rahisi. Bana ya mbele, sukuma kinga mbele: gurudumu likizunguka, haifai. Bana ya nyuma, fanya vilevile. Unamaliza kabla chai haijapoa.

Kiangazi kimoja tulipokea kijana wa posti ya mchana aliyeshuka na magunia mawili ya makala, freni ya nyuma peke yake. Katikati ya mtelemko raba iliisha, akaingia mtaroni. Mfupa wa bega ulivunjika. Watu walisema alikuwa na bahati, na ni kweli, kichwa kilipona. Lakini mfupa huo uliomba wiki sita bila kuinua kitu. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na makala yenyewe yalikuwa ya kununua vitu vya mtoto. Nilipomfunga mkono, hakuuliza juu ya maumivu. Aliuliza ni nani atakayechota maji.

Sasa kofia. Wengine wanavaa ile kofia ngumu ya kazini. Ile ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoanguka kutoka juu, na kama haina mkanda wa kidevu, inaruka kabla wewe hujafika chini. Kofia ya kinga yenye mkanda ni bora. Sokoni zinapatikana zilizotumika; usinunue yenye ufa.

Mwenzako akianguka: jeraha linalotoa damu libane kwa kitambaa safi, usimwage mafuta wala mchanga wala maji ya betri. Lioshe kwa maji mengi safi na sabuni. Udongo wa barabarani unaleta tetanosi, kwa hiyo mlete apate sindano kama hakumbuki ya mwisho ilikuwa lini. Aliyegonga kichwa, kisha anatapika, anasinzia, anasema maneno yasiyoeleweka, au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, asiachwe "alale kidogo". Apelekwe hospitali usiku uleule.

MAMA, MTOTO NA MZIGO

Mtoto akikaa nyuma, mguu wake unatafuta gurudumu. Unaingia kati ya vyuma vyembamba, na kisigino kinachunwa mpaka mfupani. Tunaona hayo mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Funga kibao au kipande cha bidoni pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na mtoto avae viatu. Ncha ya kitenge nayo isining'inie. Kwenye mtelemko mkali, mama na mtoto washuke watembee, na baba asukume kinga akiwa upande. Wataokikawia kufika, bukari itawasubiri.

Mzigo uwe chini na ufungwe kwa kamba za mpira wa ndani. Ukiupanga juu mpaka usawa wa mabega, kinga inayumba kama mlevi.

MAJI NA CHAKULA

Kunywa nusu lita mpaka lita moja kwa saa, kidogokidogo, kabla kiu haijakushika. Mkojo ukiwa mzito na wa njano sana, umechelewa. Ukitoka jasho jingi, au ukiharisha njiani, tengeneza maji haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi ukidhani ni dawa kali zaidi, inaharibu.

Angalisho kubwa kwa nchi yetu: maji ya mashimo ya zamani ya mgodi, na ya vijito vinavyopita chini ya marundo ya udongo wa mgodi, usiyanywe hata yakiwa maangavu kama kioo. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi shaba wala kobalti wala asidi. Beba maji ya nyumbani ndani ya bidoni, au uliza watu wa kijiji wao wenyewe wanachota wapi. Na katika maji yanayosimama au kwenda polepole, yenye majani na konokono, usiingie kuoga. Huko kuna bilharzia, inayopita katika ngozi bila kubisha hodi.

Chakula: bukari ya usiku wa jana, na njiani viazi vitamu vilivyopikwa, karanga, ndizi, muwa. Kula kidogo kila saa. Anayengoja mpaka atetemeke na kuona giza amengoja sana. Munkoyo mpya ni kinywaji kizuri cha safari, una sukari na maji. Uliokaa siku kadhaa una pombe. Lutuku sina haja ya kuueleza.

Mtu akiungua na jua, anakuwa moto, anachanganyikiwa, pengine jasho limekauka: mwekeni kivulini, mvueni shati, mmwagieni maji, mpepeeni. Kama hawezi kumeza, msimlazimishe kunywa. Mbebeni.

Baridi pia inahitaji akili. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, umepanda na jasho, halafu unashuka, upepo unakata kifua. Weka gazeti chini ya shati upande wa kifuani kabla ya kushuka. Gazeti hili linafaa, ukiisha kulisoma.

BARABARA

Barabara kubwa ina malori ya madini mchana na usiku. Lori likikupita, upepo wake unakuvuta, na vumbi lake linaficha lori la pili. Toka kabisa barabarani, simama, ngoja vumbi liondoke. Kwenda msitari mmoja, si wawili wawili mkizungumza. Kile kipimo cha maneno kumi mfanye kwenye njia za vijiji. Saa kumi na moja na nusu ya jioni muwe mmefika mahali pa kulala. Na msikate njia kwa kupita katikati ya machimbo, hata mkiona alama za magurudumu. Kingo zinabomoka.

Anayeanza leo asiende Kambove juma hili. Afanye nusu saa mara tatu kwa juma, juma la tatu aongeze kilima kimoja, juma la nne apande na mzigo atakaoubeba. Halafu aende.

Siku ya kurudi, hesabu vizuri posti yako. Wengine wanafika saa kumi jioni, wanakula, na saa nne ya usiku wanaingia kazini. Mtu aliyeendesha kilomita 50 za vilima na hajalala anasinzia mbele ya mashine. Rudi siku moja kabla. Oga, nyoosha miguu, angalia kama kuna malengelenge, kausha mnyororo na kuupaka mafuta. Kama homa inakushika katika juma mbili zinazofuata, na ulilala kijijini bila chandarua, njoo dispanseri siku hiyohiyo tupime malaria, na utuambie ulilala wapi.